Muuaji Aliyevua Viatu

Marehemu walikufa wamesimama, kila mmoja ndani ya kikopo chake, vichwa vimeinama kama waumini kanisani. Ilikuwa miche ya tikiti maji, kitalu kizima. Usiku wa kuamkia Jumamosi mtu aliingia katika kitalu cha kioo cha Chuo cha Halvard, akazima hita, akazungusha mkono wa madirisha ya paa mpaka yakaachama, akaenda zake. Nje ilikuwa Februari ya Minnesota, baridi ya kufanya mate yakugandie mdomoni kabla hujamaliza kumtukana mtu.

Inspekta Lyle Torgerson aligusa jani moja. Likavunjika kama biskuti.

Mwenye miche, Annika Lindqvist, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Hakulia. Alieleza taratibu, kama anayesoma tangazo la msiba, kwamba kwa miaka mitatu alikuwa akizalisha tikiti linaloweza kuiva kabla ya barafu, katika mji ambao kiangazi chake huja kama mgeni aliyeacha gari likinguruma nje. Aprili alitakiwa asimame mbele ya chuo na mji mzima kuitetea tasnifu yake. Bila mimea hai, hakuna tasnifu.

"Mbegu za akiba je?"

"Zote nilizipanda. Profesa alisema nisiogope, nipande zote."

Lyle alikagua. Mlango haukuvunjwa, kwa hiyo aliyeingia alikuwa na ufunguo. Alama za vidole zilikuwa za wote wanaofanya kazi pale, hazikumsaidia. Kwenye rafu, kikopo kimoja kilikosekana, kimeacha duara kavu. Sakafuni kulikuwa na dimbwi la mbolea ya samaki lililoganda, na juu yake nyayo laini zisizo na soli, zimeteleza kiasi kwamba hazikupimika.

Tena, kwenye trei ya viatu iliyo ndani ya mlango, kulikuwa na barafu yenye umbo la viatu viwili vilivyowekwa sambamba, vidole vikitazama nje.

"Mimi asubuhi niliingia na viatu vyangu," Annika alikiri kwa aibu, kana kwamba hilo ndilo kosa lililomleta polisi. "Nilikuwa nimechanganyikiwa. Siku zote tunavua. Chumvi ya barabarani huua miche."

Mkuu wa walinzi wa chuo, Duane Pribyl, alikuwa ameshapata mtu wake. Duane hupata kila kitu mapema. Alikuwa na gari la kazi lenye viti vya kupasha moto makalio, na kwenye chakula cha kanisa hotdishi yake, viazi na nyama vya kuokwa pamoja, ilikwisha kabla ya ya mtu yeyote. Marlys, mke wa Lyle, aliisifia njia nzima kurudi nyumbani. Lyle hakuwa amelisahau hilo, na hakuwa na mpango wa kulisahau.

"Ni yule kijana wa Louisiana," Duane alisema. "Ana ufunguo. Ijumaa jioni aligombana na Annika. Jumatatu mkuu wa chuo anamfukuza. Wewe andika tu, Lyle, upumzike."

Desmond Arceneaux, msaidizi wa kitaluni, alikuwa ofisini kwa Duane, amekunja mikono. Alikuwa wa kwanza kwao kufika chuoni, anasomeshwa kwa ufadhili, na amebakiza miezi mitatu. Bibi yake alikuwa ameshanunua kofia ya kuvaa siku ya mahafali.

"Ulimwaga mbolea?"

"Nilimwaga, bwana. Ndoo nzima."

"Ukasafisha?"

"Nilipiga deki kidogo. Nikasema kesho nitamalizia."

"Annika akasema nini?"

"Alinifokea kwenye simu. Alisema heri nisingezaliwa."

"Ukakasirika."

"Bibi yangu huniambia hivyo kila Krismasi, bwana. Nimezoea."

Lyle akainamisha macho. Chini ya viatu vya kijana, theluji ilikuwa imeyeyuka na kutengeneza ziwa dogo jeusi kwenye zulia la Duane, zulia jipya.

"Kwa nini huvui viatu?"

"Wamenisema mpaka wamechoka. Lakini kwetu, ukivua viatu kwa mtu, unamwambia umehamia. Bibi angenichapa."

Lyle alitoka mle akiwa mwepesi kidogo. Alimweleza Duane kuhusu ile barafu ya kwenye trei.

"Alivua ili asisikike," Duane akasema.

"Asisikike na nani? Matikiti?"

Hata hivyo Duane hakumwachia kijana. Alitaka ushahidi, si umbo la barafu lililokwisha kuyeyuka.

Funguo zilikuwa nne. Ukiondoa wa Annika na wa Desmond, zilibaki mbili. Mmoja ulikuwa wa Britta Stenerud, anayekaa chumba kimoja na Annika, na ambaye tangu chekechea huwa wa pili nyuma yake.

"Unamwonea wivu?" Lyle aliuliza.

"Sana. Akipiga chafya namwonea wivu, maana huipiga vizuri. Lakini sijawahi kumfungulia dirisha."

Mwingine ulikuwa wa Profesa Orrin Dahlquist, msimamizi wa tasnifu ya Annika, mgane mwenye sweta iliyochanika viwikoni. Alimkaribisha Lyle kahawa ofisini mwake, ubavuni mwa kitalu. Lyle akakataa mara mbili, akakubali mara ya tatu kama mtu aliyelelewa. Profesa alisikitika kwa maneno mazuri, akasema atamwombea Annika aongezewe mwaka. Jengo zima lilinuka samaki, na kila aliyekuwamo alishazoea, hata Lyle mwenyewe baada ya kikombe kimoja.

Hapo ndipo wazo lilipomjia.

Aliyeingia alivua viatu, akakanyaga mbolea kwa soksi, kisha akavirudisha miguuni. Soksi hufuliwa. Lakini viatu vya theluji vina bitana nene ya manyoya, na mtu wa Halvard ana jozi moja tu, anayoivaa kila siku mpaka Aprili. Iko njia moja tu ya kumtoa mtu viatu bila hati ya mahakama, nayo ni kumwalika kula.

Jumapili mchana Marlys alipika hotdishi. Annika alikuja, na Britta, na profesa, na Duane aliyemleta Desmond kama mfungwa. Kila mmoja alijipanguza theluji, akainama, akavua, akapanga viatu kwenye trei. Isipokuwa Desmond.

"Mwanangu," Marlys alimwambia, "hilo zulia ni la mama yangu."

"Ni zuri sana, mama," Desmond akasema, akalikanyaga.

Walikula wakisifia hali ya hewa. Duane alionja hotdishi ya mwenyeji, akasema imejitahidi. Lyle alitafuna akikitazama kile kidomo kama mtu anayetazama nyumba ya jirani ikipanda ghorofa.

Kisha paka wa nyumbani, jina lake Gus, akashuka kutoka juu ya friji. Pua ya Gus haikuwa imeshinda chuoni. Alipita viatu vya Britta, akavidharau vya Annika, akavuka vya Duane bila heshima. Kwenye jozi ya mwisho alisimama, akanusa, akazamisha kichwa, mabega, mpaka ukabaki mkia tu nje ya kiatu. Mle ndani zikasikika sauti za kulamba.

Wote wakageukia mlangoni.

Lyle alimng'oa paka, akanusa bitana. Samaki. Akakirudisha kiatu sambamba na mwenzake, vidole vikitazama nje.

"Profesa. Usiku ule ulivua viatu."

"Bila shaka nilivua," Dahlquist alisema, karibu kwa hasira. "Vilikuwa na chumvi. Ingeua miche."

Alijisikia mwenyewe akisema. Akaweka uma chini, akaulaza vizuri pembeni ya sahani.

"Kwa nini?" Annika aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Zaidi ya miaka ishirini," profesa alisema. "Kila kiangazi nililima matikiti, kila Septemba barafu ikaniwahi. Mbegu uliyoanzia wewe uliiokota kwenye takataka zangu. Tunda lile nililitupa kwa mkono wangu, kwa kuwa lilikuwa dogo. Agosti ukaniletea kipande kwenye kisahani. Nilikuwa naomba liwe chachu."

"Lilikuwaje?" Lyle aliuliza.

"Tamu." Alilitaja neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa wake. "Tamu sana."

"Ungeniambia ningeweka jina lako pamoja na langu," Annika alisema.

"Najua. Ungeliweka bila hata kufikiri. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwamba kwako ni kitu kidogo hivyo cha kugawa."

"Na Desmond?" Britta aliuliza. "Ungemwacha afukuzwe?"

Profesa hakumtazama kijana. Alisema alikuwa akijiambia Jumatatu bado haijafika.

Desmond aliutua mkate wake. "Kwangu ilikuwa imefika, bwana," alisema.

Lyle alikuwa na swali moja tena. "Kikopo kilichokosekana kiko wapi?"

Masikio yakamwiva Dahlquist.

"Jikoni kwangu. Dirisha la kusini. Nilikitia ndani ya koti kabla sijafungua paa. Nilitaka kimoja kiwe changu."

Annika alikuwa ameshasimama.

Walikwenda kwa gari la Duane, na Lyle alikaa kwenye kiti cha kupasha moto, akakiri moyoni kwamba kweli kinapasha. Nyumba ya profesa ilikuwa na giza. Walipofika mlangoni, Lyle aliinama kufungua kamba. Duane akainama. Annika na Britta wakainama. Profesa alikuwa amefungwa pingu mgongoni, hakuweza kufikia chini, akasimama akitazama viatu vyake kwa fedheha. Annika akapiga goti mbele yake, akazifungua kamba bila kuinua uso.

Desmond hakumsubiri mtu. Aliwapita wote, akaingia na viatu vyake, theluji, tope na chumvi ya barabara nzima, akikanyaga kwa ukamilifu.

"Desmond, chumvi," Annika alisema.

Kijana alirudi kutoka jikoni ameinua kikopo juu ya kichwa kwa mikono miwili, mbali kabisa na sakafu. Mche ulikuwa na majani manne. La tano lilikuwa linafunguka.