Mchumba Aliyelifokea Joho Jeupe

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, utaacha haya masomo ya wanyama au huachi?"

Binti alisimama ghafla ndani ya chumba cha chakula cha ndege, beseni la samaki mkononi. Sauti ile aliijua. Ilikuwa ya mchumba wake, muuza vipuri, na ilitoka nje, kwenye banda la wavu la kinda la korongo. Akachungulia dirishani.

Mchumba alikuwa akimfokea mtu aliyevaa joho jeupe la kufunika mpaka uso. Mkono mmoja wa mtu huyo ulivikwa kichwa cha bandia cha korongo, wa pili ulishika bakuli la samaki, na kwa kichwa hicho alikuwa akimlisha kinda. Ndivyo wanafunzi walivyofundishwa katika bustani ile ya wanyama: kinda asione sura ya mtu wala asisikie sauti yake, asije akawazoea watu, akashindwa maisha ya porini. Zamu ile ilikuwa ya binti, lakini leo alipofika alikuta joho limeshachukuliwa.

"Umeninunia? Nuna tu," mchumba aliendelea. "Mama amechoka kuulizwa mkwe wake anasomea nini. Aseme anasomea kulea ndege?"

Joho likaendelea kumlisha kinda.

"Basi nikwambie. Asubuhi nimempigia mwalimu wako. Nimejifanya kaka yako, nikasema umeacha chuo, nafasi yako ampe mwingine. Na yule mzee alivyo bwege, akanishukuru."

Kichwa cha bandia kikaganda hewani.

Binti aliweka beseni chini. Alitaka kupiga kelele, lakini kinda alikuwa pale pale. Akatoa simu, akaandika:

"Geuka, tazama dirishani. Na ufunge mdomo, unamharibu ndege."

Simu ya mchumba ikatetemeka. Akasoma. Akaitazama mikono ya lile joho, yote miwili ina kazi. Akageuka taratibu, rangi imemtoka.

Mwenye joho akatoka, akafunga mlango wa wavu, akamshika mchumba kiwiko, akampeleka mpaka uani, mbali na kinda. Hapo ndipo akajifunua uso. Alikuwa mwalimu, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mwalimu," mchumba akababaika.

"Marahaba. Bwege ndiye mimi." Akamgeukia binti, aliyekuwa ameshatoka nje. "Nimeshika zamu yako nikiamini umeacha. Nafasi bado ni yako, mwanangu, kama unaitaka."

"Naitaka."

"Mpenzi," mchumba alibembeleza, "nimefanya vile kwa kukupenda."

"Ungenipenda ungebishana na mimi. Wewe umenizunguka."

"Mama amesema harusi ni mwezi ujao, au hakuna kabisa."

"Hakuna."

Binti akavua pete, akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati la mchumba. Kisha, mchumba akiwa bado amesimama pale, akamwandikia mama wa kijana huyo:

"Shikamoo mama. Pete yenu anakuja nayo mwanao. Mimi masomo sijaacha, na siachi."