Aliyepokea Punje ya Pili

Mkono ulioipokea kahawa ulikuwa wa baridi, na Mzee Placidius hakugeuka kuutazama.

Ilikuwa Jumatatu, saa kumi za jioni, nyumbani kwake Ihanda. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, na wakati huo usimsemeshe. Mwanamume akishastaafu anabakiwa na raha chache, na mojawapo ni kusikia nani kamtangulia. Miaka thelathini na moja alitunza mafaili ya serikali, mwisho kule Rubwera, na mpaka leo mkono wake wa kulia ulikuwa ukiinuka wenyewe na kugonga goti, kama vile goti ni barua inayosubiri muhuri.

Mkewe Adela alipokuwa hai, saa hizo walikaa wawili kwenye mkeka wa barazani, Placidius mbele, Adela nyuma yake ameegemea ukuta. Walikuwa na kikapu chao kidogo cha kahawa ya kutafuna. Mzee alipasua tunda moja kwa meno, punje moja akala yeye, ya pili akaipitisha begani bila kuangalia, Adela akaipokea. Mambo ya wazee waliozoeana. Sasa Adela alikuwa na mwaka wa pili kaburini, pale pale migombani, na kichwa cha Placidius kilikuwa kinajua. Mkono ndio haukuwa unajua.

Basi ilipobishwa hodi nyuma yake, sauti nzito kama ya mtu mwenye mafua, akajibu, "Karibu," sikio likiwa redioni. Akapasua tunda, jino lake bovu likatoa damu kidogo, akapitisha punje begani. Ikapokelewa.

Tangazo lilipokwisha ndipo akageuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta, na mkeka, na mkeka ulikuwa umebonyea.

"Uzee," akasema, akafyonza jino.

Jumanne alikuja Niyigena, mama wa Kinyarwanda aliyekuwa akimpalilia shamba na kumpikia mchana. Akachungulia kutoka jikoni akiwa na kisu mkononi.

"Mzee, nimenye ndizi za watu wawili?"

"Wawili nani na nani?"

"Wewe na huyo mgeni wako wa chumbani."

"Chumbani kwangu hakuna mgeni."

Niyigena akatazama mlango wa chumba, akamtazama mzee, akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona si kazi yake kuuliza. "Haya. Mimi nimesikia mtu anatafuna. Labda panya ana meno makubwa."

Jumatano hakurudi. Aliagiza kwa jirani kwamba mgongo unamuuma.

Ulikuwa mwezi wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, na hakuna huzuni ya mstaafu isiyopunguzwa na sahani ya senene waliokaangwa na chumvi wakakauka. Placidius alikaanga wake, akaweka mezani, akatoka kunawa mikono. Aliporudi, nusu ya sahani ilikuwa imeliwa. Si kwamba walikuwa wamechotwa ovyo. Sahani ilikuwa imegawanywa katikati, upande mmoja senene wote wapo, upande wa pili sahani inang'aa kama imerambwa. Akaangalia chupa ya maziwa, maziwa nusu. Mkate, nusu. Akaingia chumbani, akapitisha kiganja juu ya shuka: upande wake wa baridi, upande wa Adela wa moto. Na chumba chote kilikuwa kinanuka ngozi mbichi ya ng'ombe iliyonyeshewa.

Hakukimbia. Niseme ukweli, kuna sehemu ndogo ndani yake ilifurahi. Nyumba isiyo na mtu inamchosha mtu kuliko jembe, na usiku ule alikula chakula chake akaacha nusu kwa makusudi, kama anavyofanya mwenye nyumba mwenye adabu.

Alhamisi ikapigwa simu. Ilikuwa Vero, binti yake pekee, anayefanya kazi Rubwera, aliyejifungua miezi minne iliyopita. Mtoto wa kwanza wa Vero, mjukuu wa kwanza wa Placidius, na mzee alikuwa bado hajamtia machoni kwa sababu ya mvua, barabara na visingizio vya vijana.

"Baba, Jumamosi nakuletea mjukuu wako."

"Acha utani."

"Kweli tena. Tutalala kwako siku mbili. Nitafika jioni. Tandika vizuri, asije akalala kwenye viroboto wako."

"Viroboto wangu wana adabu kuliko wewe," mzee akasema akicheka, na hapo hapo, simu ikiwa bado sikioni, akagundua kwamba kutafuna kulikokuwa kukiendelea nyuma ya mlango wa chumba tangu asubuhi, kule kusaga taratibu alikokwisha kukuzoea kama saa ya ukutani, kumenyamaza ghafla, kama anavyonyamaza mtu anayetega sikio asikose neno.

Ijumaa asubuhi alirudi kutoka kukama mbuzi akakuta kitanda kimetandikwa. Upande wa Adela, juu ya shuka, zilikuwa zimetandazwa nyasi mbichi zenye umande, zile tunazotandaza sakafuni anapokuja mgeni wa heshima, zimepangwa kwa ustadi, zimebonyezwa katikati kama kiota, na urefu wa kile kiota ulikuwa urefu wa mtoto wa miezi minne.

Mzee akaacha chombo cha maziwa pale pale mlangoni, akaenda kwa Kokugonza.

Kokugonza ni bibi wa jirani, anayetoa dawa za miti siku sita na siku ya saba anakaa benchi la mbele kanisani, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumuuliza anapatanisha vipi. Alimsikiliza bila kuacha kuchambua maharage.

"Ni jini, Kokugonza?" mzee akanong'ona.

"Jini, mzimu, mimi sijui. Wanasema majini ni ya pwani. Labda hili limehamishwa kikazi kama ulivyokuwa wewe." Kisha akainua macho. "Ulimpa nini alipokuja?"

"Kahawa."

"Kikapu?"

"Punje. Ya pili kwenye tunda moja."

Kokugonza akaweka ungo chini. "Ile nyingine ukala wewe?"

"Nikala mimi."

"Na jino lako bovu?"

Placidius akafyonza jino.

"Mjinga mwenye pensheni wewe! Babu zako walichanjana tumboni, wakapaka damu kwenye punje mbili za tunda moja, wakalishana. Omukago huo. Unapita undugu wa kuzaliwa. Chako chake, chake chako, shamba, ng'ombe, watoto. Wewe umeufunga huku unasikiliza redio!"

"Basi mfukuze. Vero anakuja kesho na mtoto."

"Ndugu hafukuzwi. Lete hata padri na maji yake, atatoka na kurudi, ana haki. Ndugu anasindikizwa." Akamsogelea, sauti ikashuka. "Kesho saa tatu asubuhi simama mlangoni, mwambie twende nikusindikize. Shuka barabara ya bondeni mpaka kwenye mafunjo. Usigeuke nyuma. Usiseme na mtu yeyote, hata akikusalimia askofu. Mkifika mwambie tumefika, kisha urudi kwa njia nyingine. Ukifumbua mdomo kabla, mmerudi wote. Na mgeni aliyerudishwa njiani hasindikizwi mara ya pili. Umenielewa? Mara moja tu."

Jumamosi saa tatu, jua likiwa kali baada ya mvua, Placidius alisimama mlangoni na fimbo yake. "Ndugu yangu," akasema, "twende nikusindikize."

Harufu ya ngozi ikampita puani, ikakaa nyuma yake.

Akashuka. Alipita migomba yake, akapita kaburi la Adela bila kuligeukia, akatokea barabarani, na nyuma yake nyayo zikawa zinafuata juu ya tope, nzito, zenye subira, zikisimama aliposimama, na watu wakampungia mkono akiwa amekaza taya kama mtu mwenye jipu, na mama mmoja akasema kwa sauti kwamba ustaafu umempandisha mabega, na yeye akatembea tu, akihesabu miti ya kahawa ya wenzake ili asihesabu zile nyayo, jasho likimshuka mgongoni huku mgongo wenyewe ukiwa wa baridi kama umeegemea mtungi, mpaka akaona chini kabisa, hatua labda mia mbili, vichwa vya mafunjo vikiyumba, na moyo ukaanza kumdanganya kwamba amefika.

Pikipiki ikatokea kwenye kona. Ikasimama mbele yake. Nyuma ya dereva aliketi Vero, uso unang'aa, mtoto kifuani ndani ya khanga.

"Nimepata ruhusa mapema! Shikamoo, baba!"

Placidius akabana midomo mpaka ikauma.

"Marahaba, mwanangu," ikajibu sauti yake mwenyewe, nyuma ya bega lake.

Vero akacheka. "Makubwa! Siku hizi unaongea umefumba mdomo? Haya, mpokee mjukuu wako kwanza." Akaifungua khanga, akamnyoosha mtoto mbele.

Mtoto hakumtazama Placidius. Alitazama juu kidogo, pembeni ya kichwa chake, akatabasamu tabasamu lisilo na meno, akanyoosha mikono yote miwili. Pindo la khanga likainuka, na upepo haukuwepo. Nyayo zikasogea hatua moja mbele.

Hatua mia mbili. Angeweza kukaa kimya. Angeweza kuyafikia yale mafunjo mikono mitupu, na nyuma yake pasiwe na mtu; ila mtoto angekuwa amekwisha kupokelewa.

"Rudi!" akapiga kelele. "Dereva, geuza chombo! Vero, rudi kwako!"

"Baba?"

"Nani alikwambia mimi ni yaya? Unazaa huko, unaniletea nilee? Kwangu hakuna nafasi! Usinijie tena na huyo mtoto, si leo, si Krismasi!"

Vero akaivuta khanga. Akamrudisha mtoto kifuani, akamfunika, akajifuta macho. "Mama angekuwepo," akasema hatimaye, "ungeona aibu."

"Mama yako amekufa. Nenda!"

Pikipiki ikageuka. Placidius alisimama katikati ya barabara, fimbo imezuia njia kama geti la ushuru, akaitazama mpaka ilipopotea juu ya kilima ikiwa na watu wake watatu tu, aliwahesabu mara mbili, na hapo ndipo akaishusha fimbo.

Kisha akageuka, akaanza kupanda kurudi nyumbani. Nyayo zikampisha, zikafuata. Walikwenda hivyo kitambo, wawili.

"Umemliza bure," ile sauti ikasema kwa upole, karibu kabisa na sikio. "Hukuniambia, ndugu yangu. Mjukuu wetu anaitwa nani?"