Hodi ya Chini ya Vigae

Kigae kimoja cha sebuleni kilikataa kulala. Fundi vigae alikuwa akikipanga upya tangu asubuhi, kwa saruji mpya na matusi mapya, na kila alipokigonga kwa mpini wa nyundo kusikiliza, kililia kana kwamba chini yake hakuna kitu.

"Nyumba za watu zote umezinyoosha," mkewe akamtania kutoka jikoni. "Ya kwetu tu ndiyo inakushinda, fundi mkuu!"

Fundi akakigonga kwa hasira: ko, ko, ko.

Chini kukajibiwa: ko, ko, ko.

Mkewe, mtu wa adabu zake, akadhani ni mlangoni. "Karibu! Pita ndani!"

Kigae kikatulia papo hapo. Fundi akacheka kwa ushindi. Ndipo harufu ya udongo mbichi na moshi wa taa ikampita ubavuni kama mtu anayejua njia, ikaingia jikoni, na mkewe akaanza kukohoa. Alipotoa kitambaa mdomoni, kilikuwa kimejaa vumbi jeusi.

Dawa za kikohozi hazikufua dafu. Mganga alipoletwa alivua viatu, akakanyaga sakafu, akavivaa tena haraka.

"Hapa chini palichimbwa madini kabla mji haujawa mji," akanong'ona. "Handaki likaporomoka. Wachimbaji wakagonga wafukuliwe. Waliokuwa juu walisikia, wakajenga mtaa. Jini la humo limezirithi sauti zao. Nani amelikaribisha?"

"Mimi," mke akajibu kwa shida.

"Toka wewe, jini!" fundi akafoka. "Mwenye nyumba nimesema!"

Mkewe akafungua kinywa, zikatoka sauti nzito za wanaume wengi waliochoka: "Mwenye nyumba tunamjua, na si wewe. Wewe chimba."

Fundi akakivunja kigae kile, na cha pili, na sakafu yote aliyoipanga kwa jasho lake, akachimba mchana kutwa huku kifusi kikipanda hadi madirishani, kwa sababu kila sururu ilipozama mkewe alipata pumzi, na kila alipoiweka chini ajifute uso kikohozi kilirudi, midomo ya mkewe ikageuka kijivu, na vumbi likamwagika kifuani pake, naye fundi akairukia tena sururu akilia na kutukana kwa pamoja.

"Mpaka wapi, mganga?" akapaza sauti.

Mganga alishatoroka hadi getini.

Fundi alijibiwa kutoka gizani, chini ya miguu yake, kwa upole wa mtu aliyengoja sana: "Kushoto kidogo, fundi."