Gauni la Shangazi

Nyumbani walimwita Penseli. Alikuwa mwembamba, na kutwa alikuwa akichora. Alichora magauni nyuma ya kalenda, kwenye maboksi ya sabuni, hata ukutani jikoni, mpaka mama yake akapiga kelele. Alipomaliza shule alisema waziwazi, "Mimi nitakuwa mbunifu wa mavazi."

Shangazi yake ndiye aliyemwamini kwanza. Tangu apate ajali, Shangazi alitumia kiti cha magurudumu. Sasa alikuwa amepata kazi ya kupokea wageni ofisini. Alimkabidhi Penseli kitambaa cha kijani alichokitunza kama yai.

"Nishonee gauni la kuanzia kazi, mwanangu. Nataka watu wanione mimi kwanza, kiti baadaye."

Penseli alichora gauni refu lenye mikono mipana. Siku hiyohiyo alikata kitambaa, akashona kwa cherehani ya mama. Likiwa limetundikwa mlangoni, kila mtu alilisifu.

Siku ya kwanza ya kazi, Shangazi alirudi mapema. Mkono mmoja wa gauni ulikuwa umechanika. Ulinaswa na gurudumu mbele ya wageni.

"Usilie," alimwambia Penseli. "Gauni ni zuri. Ila si langu."

Maneno hayo yalimchoma Penseli kuliko matusi. "Basi tena," alimwambia mama yake. "Kazi hii siiwezi."

Mama hakubishana naye. Alimshika mkono, wakalichukua gauni na michoro, wakaenda kwa jirani yao, aliyewahi kufundisha ushonaji chuoni. Mwalimu alilipindua gauni, kisha akatazama michoro.

"Mbona watu wako wote wamesimama?"

Penseli aliipekua michoro yake; kweli, hakuna hata mmoja aliyekaa.

"Unachora vizuri, sikatai," Mwalimu alisema. "Lakini kuchora ni mwanzo tu. Ulimuuliza shangazi yako siku yake inavyokwenda?"

"Hapana. Nilitaka kumshangaza."

"Na kweli ulimshangaza!"

Mama aliangua kicheko. Penseli naye akacheka, machozi yakiwa bado mashavuni.

"Sikiliza," Mwalimu aliendelea. "Muulize kwanza. Mpime akiwa amekaa, maana mtu akikaa, nguo hupanda mbele na kurundikana nyuma. Chora vipande kwenye karatasi. Shona gauni la majaribio kwa shuka kuukuu, alivae, urekebishe. Kitambaa chenyewe ukikate mwisho. Na chuoni uende. Kipaji peke yake hakitoshi."

Jioni hiyo Penseli aliketi na Shangazi, akauliza. Shangazi alizungumza kwa kirefu. Zipu ya mgongoni haifikii. Mifuko ya ubavuni humwaga vitu. "Hakuna fundi aliyewahi kuniuliza," alisema taratibu.

Walijaribu gauni la shuka, wakalirekebisha, wakalijaribu tena. "Nafanana na kitanda!" Shangazi alicheka.

Kisha Penseli alilifumua lile gauni la kijani, akalikata upya. Mikono aliifanya mifupi, ya kubana kidogo. Vifungo aliviweka mbele. Nyuma alipunguza kitambaa, mbele akakiacha kirefu kifunike magoti. Shangazi alilivaa mwenyewe, bila msaada wa mtu, akaenda kazini.

Penseli alijiunga na chuo. Hakuwa amemaliza hata muhula wa kwanza, mwanamke mmoja mwenye magongo alipobisha hodi. Alikuwa ameliona gauni la Shangazi kule ofisini.

"Nataka la kwangu," alisema. "Kitambaa ninacho. Utaanza kukata leo?"

"Bado, dada," Penseli alijibu, akimvutia kiti. "Kwanza nisimulie. Ukiamka asubuhi, unavaaje?"