Taa ya Zizini

Kila asubuhi Mama Pacha aliingia zizini na ndoo ya maji. Kondoo wake majike walikuwa wamenona. Dume naye alikula, akashiba, akalala. Hakuna aliyemjali mwenzake.

"Hawa ni tasa," alisema mumewe. "Msimu wa kupandana unakwisha. Jumamosi mchinjaji anawachukua."

"Hata dume, Baba Pacha?"

"Huyo ndiye wa kwanza! Kula kulala, utadhani shemeji yangu."

Mama Pacha alicheka, lakini moyo ulimuuma. Kondoo hao aliwalea kwa chupa tangu wachanga.

Siku ya chanjo alifika daktari wa mifugo, mama mmoja mcheshi. Aliinua macho, akaona taa kubwa.

"Dada, hii huzimwa saa ngapi?"

"Haizimwi. Tunaogopa mbwa koko."

"Lo! Basi mmewanyima usiku!"

"Usiku una nini?" aliuliza Baba Pacha.

"Una kazi, shemeji. Ndani ya ubongo kuna tezi ndogo. Giza likiingia, tezi hiyo hutoa homoni. Usiku ukirefuka, homoni hutoka kwa muda mrefu zaidi. Hapo mwili wa kondoo hujua msimu umefika. Mayai ya jike hupevuka, na dume huchangamka. Wenu wanadhani mchana bado ni mrefu."

"Wanyama wote wako hivyo?"

"La. Farasi hupandwa mchana ukirefuka. Mimba yake ni karibu mwaka, ya kondoo miezi mitano. Kila mmoja na hesabu yake, ili mtoto azaliwe majani yakiwa mabichi."

"Na mimi?" Mama Pacha alidakia. "Nilipata pacha na taa inawaka!"

"Binadamu hatuna msimu, dada!" Wakaangua kicheko.

"Na mbwa je?" Baba Pacha alinung'unika.

"Ziba uzio. Zima taa. Kisha subiri, mwili hauamki kwa siku moja."

Mchinjaji akaambiwa angoje. Uzio ukazibwa, taa ikazimwa. Wiki zikapita kimya. Mama Pacha alianza kukata tamaa.

Asubuhi moja Baba Pacha alitoka mbio, povu la sabuni mashavuni. "Mke wangu! Njoo uone! Dume anawafukuzia majike!"

Majani yalipochipua, zizi lilijaa milio myembamba. Mama Pacha alikuwa akimpangusa mwanakondoo wa tatu mchinjaji alipobisha hodi.

Baba Pacha alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Punguza sauti, bwana," alinong'ona. "Humu mna wazazi."