Ripoti ya Ting-han

Mikono ya Pei-yun na Ting-han iligongana juu ya kibodi ya mwisho, katikati ya msongamano wa soko la kompyuta la Guanghua, Taipei.

"Kaka, hiyo nimeiona mimi!"

"Umeiona wewe, dada, nimeishika mimi."

Pei-yun, ndani ya gauni lake la kijani lililolowa mvua, alicheka. Kumbe waliandika programu katika kampuni moja, yeye ghorofa ya nne, Ting-han ya saba. Baada ya mwezi Ting-han akahamishiwa timu ya Pei-yun, na mapenzi yakakolea juu ya mabakuli ya tambi za nyama.

Kampuni ilikuwa ikitengeneza programu ya dawa kwa hospitali. Ting-han akapewa kazi ya kuandika kikaguzi: kiiulize programu yenyewe ina aina gani za vitu, yaani mafungu ya msimbo yaliyomo, kisha kitoe ripoti. Ripoti ikasema kipima-dozi, sehemu ya kukokotoa dozi ambayo Pei-yun aliiandika kwa miezi miwili, hakimo.

"Miezi miwili unatudanganya?" Meneja Luo alifoka mbele ya wote.

"Kimo! Nimekiweka ndani ya aina inayoitwa Mgonjwa. Fungueni muone!"

Hakuna aliyefungua. Pei-yun akamgeukia mpenzi wake. "Ting-han, sema wewe. Unaniamini?"

Ting-han alitazama viatu vyake. "Ripoti haidanganyi, mpenzi."

Jioni ile Pei-yun, amefukuzwa kazi, alitoka na sanduku la vitu vyake.

Siku tisa hakupokea simu za Ting-han. Ya kumi, akiwa kwenye treni ya kurudi kwao Hualien, akapokea.

"Laazizi, nimekosa!" Ting-han alisema mbio mbio. "Kikaguzi changu kiliorodhesha aina za nje tu. Sikukiambia kiangalie kama ndani ya aina kuna aina nyingine. Kazi yako ilikuwemo, nzima! Nimemwambia Luo, anataka urudi."

"Na wewe?"

"Nataka tuoane, Pei-yun. Leo hii, ukitaka."

Pei-yun alifumba macho. Neno hilo alilisubiri mwaka mzima.

"Mashine uliiuliza, Ting-han. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yako."

"Nilipitiwa, mpenzi..."

"Mashine ndiyo iliyopitiwa. Wewe ulichagua."

Akamsikia akilia, kilio cha mwanaume asiyezoea kulia.

"Kirekebishe kikaguzi chako," Pei-yun alisema taratibu, "asije akafukuzwa mwingine."

Akakata simu. Treni ilisimama stesheni ya Songshan, bado ndani ya Taipei, milango ikafunguka, ikafungwa. Pei-yun alilia kutoka hapo mpaka Hualien, lakini hakushuka njiani.