Gereji Yenye Mwenyewe

Asubuhi ya tatu baada ya kuhamia nyumba mpya, Mwalimu aliingia gerejini akakuta kiti cha dereva cha gari lake kimesukumwa nyuma hadi mwisho, kana kwamba amekikalia mtu mwenye miguu mirefu kuliko yake. Alimuuliza mkewe. Mkewe, ambaye hajui hata kuwasha gari, alimjibu kwamba habari za gereji asiulizwe yeye.

Jibu hilo lilikuwa na chanzo chake. Mwalimu alikuwa akifundisha watu udereva, na kwa miaka tisa gari lake la kazi lililala barabarani, likavunjwa vioo na kung'olewa taa. Kwa hiyo walipotafuta nyumba ya kununua, hakutaka kusikia nyumba isiyo na gereji. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa ameipenda nyingine, haina gereji ila ina chumba cha mbele chenye madirisha mawili makubwa, mwanga tele wa kutunga uzi bila kukunja uso. Walizozana wiki nzima. Mkewe alimuuliza kama wanajinunulia nyumba wao au wanalinunulia gari. Mwalimu akashinda, kisha akanuniwa.

Sasa kila asubuhi alikirudisha kiti mbele, na kila asubuhi alikikuta nyuma. Akabadilisha kufuli la gereji, haikusaidia. Harufu ya nywele zilizoungua ikaanza kukaa kwenye viti, na hakuna sabuni iliyoiondoa. Wanafunzi wawili wakahamia kwa mwalimu mwingine. Mwalimu alichukia kama mtu aliyepigania kiti mkutanoni, akakikalia, akakuta kimelowa.

Chuki iligeuka hofu siku moja saa nne asubuhi, jua linawaka. Alikuwa akimfundisha muuguzi mmoja, mama mtulivu asiye na papara. Walipokaribia mzunguko, muuguzi akapunguza mwendo, akatazama kioo cha kati, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, huyu wa nyuma naye anajifunza?"

Mwalimu alitaka kugeuka lakini shingo ilimkatalia, na akiwa bado anashindana nayo alisikia kiti cha nyuma kikilia kama kinavyolia mtu mzito anapojisogeza, harufu ile ikamfikia kisogoni pamoja na joto la pumzi, na breki ya pili, ile ya mwalimu, ambayo hakuna mguu ungeweza kuifikia isipokuwa wake, ikazama polepole mpaka chini, gari likasimama katikati ya barabara huku magari ya nyuma yakipiga honi, na wakati huo wote miguu yake miwili alikuwa ameikunja juu ya kiti kama mtoto.

Muuguzi alishuka, akaenda zake kwa miguu. Hakurudi tena.

Mwalimu alipomsimulia mkewe, alitegemea kuchekwa. Mkewe hakucheka. Alisema kwamba mchana, akiwa peke yake anashona, husikia kitu kikiburutwa upande wa pili wa ukuta, huko gereji. Akisimamisha cherehani, nacho husimama. Akiendelea, nacho huendelea.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, baba watoto? Ungesema naisingizia gereji yako."



Wakamwita mganga, mwanamke wa makamo mwenye miwani na mkoba kama wa karani. Alikuja adhuhuri, akaomba gari litolewe, akaketi sakafuni, akafukiza ubani na kuanza kusoma. Moshi haukupanda. Ulitambaa chini mpaka kwenye kona, ukakusanyika hapo, ukabaki umesimama wima, mrefu, mwembamba, hautikisiki hata upepo ulipoingia mlangoni. Kisha mke wa Mwalimu, aliyekuwa amesimama kando, akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito na ya kuchoka, sauti ya mtu aliyesumbuliwa kwake.

"Nimewaachia vyumba vinne. Hiki kimoja mnanigombania cha nini?"

Akaanguka. Mganga akampepea mpaka akazinduka, kisha akawaeleza bila kuwaficha. Jini yule alikuwepo kabla ya nyumba. Kumtoa gereji anaweza, ila kumtoa kiwanjani hawezi, na akitolewa gereji atajichagulia chumba kingine.

"Chumba gani?" mke akauliza.

"Ameshanitajia. Cha watoto wenu."

Mwalimu alisimama na funguo za gari mkononi. Alitamani kumpiga mtu, na hapakuwa na wa kupigwa. Nyumba aliichagua mwenyewe, kwa ubishi wake mwenyewe, kwa ajili ya chumba kimoja.

"Abaki," alisema hatimaye. "Mwambie abaki."

Gari likarudi kulala barabarani, na wiki ile ile likavunjwa kioo. Mwalimu akaupigilia misumari mlango wa gereji, akatangaza kwamba nyumba inauzwa.

Mnunuzi wa kwanza alikuja alasiri, kijana mchangamfu, mfanyabiashara wa mazulia. Alikunywa maji, akasifu dari, kisha akauliza alichokuwa akiuliza Mwalimu katika kila nyumba: je, ina gereji? Mke alimtazama mumewe. Mwalimu aliona jinsi neno moja tu lingewatoa pale, naye akaona pia watoto wa mtu mwingine.

"Haina," alisema. "Kuna chumba pale pembeni, ila si cha kutumia. Usinunue kwa ajili yake."

Mnunuzi akashangaa.

"Nimeuliza kuhakikisha tu. Mbona kaka yako, yule mrefu, ameshatufungulia tukaona? Nimemwacha mke wangu humo naye, wanapima kama gari letu litatosha."

Mwalimu alitoka mbio, mkewe nyuma yake. Misumari yote ilikuwa bado mahali pake. Na nyuma ya mlango, sauti ya mwanamke ilikuwa ikisema kwa furaha kwamba panatosha.